Kutafiti maada za nano kwa kompyuta ukiwa na laptopu tu: inawezekana

Mleta uzi ameuliza hivi: amehitimu fizikia, chuo chake hakina maabara ya nano (ya maada zenye chembe ndogo mno, za kiwango cha nanomita), ana laptopu ya RAM 8 GB, je, anaweza kufanya utafiti wa maana wa maada kwa kompyuta? Nimekuwa kwenye kazi hii tangu nasoma uzamili. Ndiyo, unaweza, na laptopu hiyo inakutosha kuanzia. Kitakachokusumbua zaidi ni kujua lini uiamini namba inayotoka humo.

Programu ya bure ipo, Quantum ESPRESSO, na kwenye Linux inakwenda vizuri. Inatumia nadharia ya msongamano wa elektroni (DFT) ambayo Walter Kohn na wenzake waliiwekea msingi mwaka 1964 na 1965. Kohn akapata Nobel ya kemia mwaka 1998. Badala ya kuhangaika na kila elektroni peke yake, unatafuta msongamano wa zote, na kutoka hapo unapata nishati ya fuwele. Tatizo ni muda: ukiongeza atomu mara mbili, kazi inakuwa nzito karibu mara nane. Silikoni yenye atomu 2 inaisha upesi. Chembe ya nano yenye mamia ya atomu inataka klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja.

Basi anza na silikoni. Kwenye faili la maingizo kuna kigezo ecutwfc, yaani kikomo cha nishati ya mawimbi yanayotumika kuwakilisha elektroni. Weka 10 Ry (Rydberg, kipimo cha nishati), endesha, fungua faili la matokeo, tafuta mstari unaoanza na alama ya mshangao. Hiyo ndiyo jumla ya nishati. Iandike. Nenda 15, 20, 30, 40. Mwanzoni namba inashuka sana, kisha inatulia. Inapotulia ndipo kikomo chako kilipo. Fanya hivyo hivyo kwa gridi ya nukta za k, yaani nukta ambazo programu inachukua sampuli za mawimbi ya elektroni ndani ya fuwele. Halafu badilisha urefu wa upande wa kisanduku kinachojirudia ndani ya fuwele kidogo kidogo hadi upate nishati ya chini kabisa. Kwa PBE (makadirio yanayotumika sana ndani ya DFT) utaangukia karibu na 5.47 Å (Å moja ni sehemu ya kumi ya nanomita), na kipimo cha maabara ni 5.43.

Nasisitiza hili kwa sababu programu haikugombezi. Hata kwa kikomo kibovu inakuandikia mwishoni kwamba kazi imekamilika. Nimesoma rasimu za wanafunzi zenye grafu nzuri kabisa, nikiuliza jaribio la kikomo liko wapi, halipo. Inaniuma, maana ni kazi ya siku moja tu.

Jingine ni pengo la nishati, yaani nishati ya chini ambayo mwanga unahitaji kuwa nayo ili maada iunyonye; hupimwa kwa eV (elektrovolti). Wengi hapa mnapenda titani dioksidi (TiO2) kwa ajili ya sola na kusafisha maji. Maabara inasema pengo la anatase, aina mojawapo ya fuwele za TiO2, ni karibu 3.2 eV, kwa hiyo unga wake hunyonya mionzi ya urujuanimno tu. PBE inakupa kama 2.1. Tazama maana yake: kwa 2.1 unga huo ungekuwa unanyonya mwanga wa bluu na kijani, usingekuwa mweupe, na mweupe wake ndio unaotiwa kwenye rangi za kuta. Sasa mtu anaweka nitrojeni ndani, anapata 1.8, anaandika kwamba amegundua maada inayonyonya mwanga unaoonekana kwa macho! Hiyo 1.8 usiisome peke yake. Ilinganishe na TiO2 safi uliyoihesabu kwa vigezo vile vile, useme pengo limepungua kiasi gani. Mbinu ya HSE au ya +U (njia za kurekebisha makadirio kama PBE) inapandisha pengo, ila HSE kwa laptopu ni mzigo.

Ukihitaji mashine kubwa na watu wa kukuelekeza, fuatilia ASESMA, shule ya Afrika ya fani hii iliyoanza Cape Town mwaka 2010 na kufanyika Eldoret mwaka 2012. Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ipo EAIFR, taasisi ya utafiti iliyo mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, yenye uzamili wa fizikia. Kwenye barua ya maombi eleza swali lako la utafiti, na uambatanishe majaribio yako ya silikoni.

Ukikwama kwenye kusimika programu, weka hapa ujumbe wa kosa wote kama ulivyo, pamoja na toleo la Linux unalotumia.