Feni imegoma? Pima haya kabla hujanunua mota (pangaboi, feni ya kusimama na feni ya gari)

Mkuu, umeleta matatizo matatu kwa mpigo: pangaboi la sebuleni hapo Pasua, Moshi, linazunguka polepole hadi unahesabu mapanga yake, feni ya kusimama imekata kabisa, na gari linachemsha ukipanda mlima wa Kibosho wakati feni unaiona inazunguka. Fundi kakwambia mota zote zimekufa. Usinunue hata moja kwanza. Feni zote hizo zina jina moja lakini kila aina inaendeshwa kivyake, na kila moja ina kitu chake kinachotangulia kufa. Mara nyingi kitu hicho si mota.

Tuanze na pangaboi. Mota yake ina koili (waya uliosukwa) mbili, ya kukimbiza na ya kuanzishia, na hiyo ya kuanzishia inapata umeme kupitia kapasita. Kapasita ndiyo inayofanya koili mbili zipishane kidogo kwa wakati, na kupishana huko ndiko kunakosukuma mapanga. Kapasita ikichoka, nguvu ya kuzungusha inashuka. Pangaboi la inchi 56 kwa kawaida linatumia 2.5 µF (maikrofaradi, kipimo cha kapasita) ya volti 400 au 450. Ikishuka hadi kama 1.5 µF, feni bado itazunguka, ila kivivu, na namba 5 ya regyuleta (swichi ya ukutani ya kubadilishia kasi) itakuwa kama namba 2 ya zamani. Ikifa kabisa, feni inaunguruma bila kuondoka, na ukiisukuma kwa kijiti inaanza taratibu.

Kuipima ni hivi. Zima meni swichi, si swichi ya ukutani tu, kwa sababu nyumba nyingi swichi imefungwa kwenye waya usio sahihi na umeme unabaki juu. Shusha kikombe cha plastiki kilicho juu ya mota au kile cha darini, utaona kiboksi cheusi chenye waya mbili. Kabla ya kukigusa, gusanisha ncha zake mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili umeme uliobaki utoke. Chomoa waya moja, weka mita kwenye alama ya µF. Ikisoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ya kilichoandikwa, badilisha. Huna mita ya kupima kapasita? Nunua mpya ya thamani ileile ujaribu, bei yake haifiki hata robo ya kuwaindi (kusuka upya koili za) mota. Usikubali kuwekewa 4 µF eti "iende kasi zaidi". Itaenda kasi kidogo, lakini koili ya kuanzishia itabeba mkondo mkubwa kuliko ilivyotengenezewa, itachemka, na hapo ndipo mota itakufa kweli.

Kapasita nzima na feni bado nzito? Pima umeme wenyewe saa ya jioni wakati watu wote wanapika. Nguvu ya mota ya aina hii inafuata mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, unabaki na kama asilimia 61 tu ya nguvu ya kuzungusha. Feni inayokwenda vizuri saa nane usiku na kuchoka saa mbili jioni haina ugonjwa wowote. Halafu ruka regyuleta: unganisha waya zake mbili pamoja, umeme ukiwa umezimwa, kisha washa. Feni ikipata kasi, tatizo liko ukutani.

Mwisho kabisa ndiyo unapima koili. Waya tatu zinazotoka kwenye mota, pima kila jozi kwa ohm (kipimo cha ukinzani wa waya). Jozi moja lazima iwe jumla ya zile nyingine mbili. Mfano ukipata 250 na 300, ya tatu isome karibu 550. Jozi ikionyesha waya imekatika, au moja ikisoma ndogo mno kuliko inavyostahili, hapo fundi ana haki ya kusema mota imekufa. Bila vipimo hivyo anakisia tu, na anayelipa ni wewe.

Kuhusu kuyumba: usianze kukaza kila nati kwa hasira. Chukua rula, simama sehemu moja, leta panga moja moja chini ya alama ileile ya dari na upime umbali wa ncha yake. Panga linalopishana na wenzake kwa zaidi ya milimita 3 limepinda mkono, linyooshe taratibu. Yote yakiwa sawa na bado inayumba, tofauti ni ya uzito: bandika sarafu juu ya panga moja kwa gundi, jaribu, hamishia lingine hadi itulie. Mapanga huuzwa yakiwa yamelinganishwa uzito, kwa hiyo kuchanganya ya feni mbili ni kujitafutia kazi.

Hapa naomba usikie vizuri. Pangaboi lina kilo 4 hadi 6, na jipsamu haibebi hata kidogo. Ndoano ishike zege, au mbao ya 2 kwa 4 iliyolazwa juu ya kenchi mbili na kupigiliwa pande zote. Boliti inayoshika fimbo ya feni lazima iwe na kipini cha kupasua mwishoni, kwa sababu mtetemo unalegeza nati kila siku. Kipini hicho ni waya mdogo tu, mafundi wengi hukitupa pamoja na boksi. Mapanga yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni na kama sentimita 30 kutoka darini. Yakibana sana dari, feni inakosa hewa ya kuvuta na unapata kelele bila upepo.

Feni ya kusimama ni habari nyingine. Inaanza kufa kwa ukavu. Shafti yake imekaa kwenye bushi mbili za shaba zenye sufi iliyolowa mafuta. Vumbi letu la Januari na Februari, likichanganyika na nywele, linakausha ile sufi, shafti inakuwa nzito, mota inachemka, na fyuzi ndogo ya joto iliyofichwa ndani ya koili inakata. Ndiyo maana siku ya mwisho inanuka joto kidogo, kisha kimya kabisa, hata kuunguruma haiungurumi.

Toa wavu wa mbele. Kile kifuniko kinachoshika mapanga kinafunguka kinyume: zungusha kuelekea kulia, njia ya saa. Watu wengi wanakivunja hapo. Nati ya wavu wa nyuma inafunguka kawaida, kushoto. Safisha nywele zilizojiviringisha, weka matone mawili au matatu ya mafuta ya cherehani kwenye bushi ya mbele na ya nyuma, zungusha kwa kidole mpaka iteleze yenyewe mizunguko kadhaa. Usiweke mafuta ya kula, yanaganda yakawa gundi. Hata yale ya kupuliza ya kulegeza kutu hayakai, yanaosha mafuta yaliyokuwepo kisha yanakauka.

Ikiwa bado kimya, tafuta fyuzi chini ya uzi uliofunga koili, imevikwa mrija mweupe, imeandikwa ampia na nyuzi joto, mfano 2A 130°C. Weka ya namba ileile. Unapolehemu, shika mguu wake kwa koleo ili koleo ibebe joto, la sivyo utaiunguza kabla haijaonja umeme. Kuna wanaounganisha waya mtupu badala ya fyuzi. Usikubali, tena feni hiyo analala nayo mtoto! Siku shafti ikikwama tena hakuna cha kuizuia koili isishike moto.

Gari sasa. Kama feni inazungushwa na injini kwa mkanda, katikati yake kuna klachi yenye mafuta ya silikoni. Injini ikipoa inaachia, ikichemka inashika. Ndiyo maana kuiona inazunguka hakukuambii chochote: inaweza kuzunguka bila nguvu. Endesha mpaka joto lipande, zima, toa ufunguo, kisha zungusha feni kwa kitambaa. Inatakiwa igome. Ikizunguka kirahisi, klachi imekwisha. Angalia pia michirizi myeusi yenye vumbi kutoka katikati, hiyo ni silikoni inavuja.

Kibosho, Marangu, au ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, gari linapanda gia ya pili injini ikiwa imebeba, na upepo wa mwendo ni mdogo. Rejeta inategemea feni peke yake. Barabara ya Moshi–Arusha ukiwa spidi 80 hutaona tatizo, upepo wa mbele unatosha. Na kama fundi alitoa lile kava la plastiki linalozunguka feni "ili hewa ipite", lirudishe. Bila kava feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Kama feni ni ya umeme, washa kiyoyozi: kwenye magari mengi lazima izunguke. Isipozunguka, angalia fyuzi na rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), kisha ipe umeme moja kwa moja toka kwenye betri. Ikizunguka hapo, mota ni nzima. Tafuta swichi ya joto au waya.

Weka hapa namba zilizoandikwa kwenye kapasita, vipimo vitatu vya ohm, na aina ya gari, nikuambie kipi cha kununua.