Kupushi HP5 hadi 1600 kwa mwanga wa karabai: pima uso, joho liache

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una mikanda mitatu ya HP5 Plus, ule mkanda wa Ilford wa mweusi na mweupe wa kasi 400, una kamera ya Pentax K1000 yenye lenzi ya mm 50 f/2 (f/2 ndiyo tundu la lenzi likiwa wazi kabisa), na kuna mkesha wa kwaya huko Tukuyu kwenye kanisa ambalo umeme haujafika, ni karabai na mishumaa. Flashi mchungaji kakataa. Rafiki yako kakwambia uupushi mkanda: weka ASA, yaani kasi ya mkanda, 1600, piga, peleka studio, basi. Unauliza kama ni kweli.

Nusu ni kweli. Ile nusu nyingine imenila mikanda minne, kwa hiyo vumilia maelezo.

Tuanze na studio ili tuachane nayo. Usipeleke. Mashine ya kusafishia mikanda ukiikuta bado inafanya kazi huku Nyanda za Juu, karibu kila mara itakuwa ya mikanda ya rangi, ile dawa inayoitwa C-41. Dawa hiyo hujenga rangi halafu huondoa fedha yote. Picha ya HP5 ni fedha tupu, haina rangi ya kubakia, hivyo mkanda unatoka mtupu, unaona upande wa pili kama dirisha. Mimi nilirudishiwa mmoja wa namna hiyo, na kijana wa kaunta akanihurumia kabisa: "Bro, nadhani ulisahau kufungua kifuniko." Kuna XP2 ya Ilford iliyotengenezwa kwa ajili ya C-41, lakini wewe hunayo. Utasafisha mwenyewe nyumbani, au umpe mtu mwenye tangi la kusafishia lisilopitisha mwanga na dawa za mweusi na mweupe.

Sasa kupushi kwenyewe. Ukigeuza kile kitufe cha ASA hadi 1600, mkanda haujaongezeka kasi hata kidogo. Ulichofanya ni kuidanganya mita, kile kipima mwanga cha kamera. HP5 inabaki kuwa ya 400, na wewe unaipa robo ya mwanga inaoutaka, yaani stopu mbili pungufu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu, au kuuongeza mara mbili). Halafu unajaribu kufidia kwa kuuacha mkanda muda mrefu zaidi kwenye develapa, dawa inayotokeza picha. Pale mwanga ulipogonga vya kutosha, develapa inaendelea kujenga fedha na picha inapanda. Pale ambapo mwanga haukufika, hata ukiuacha mpaka kesho hakuna kitakachotokea. Maji matupu hayasongwi yakawa ugali. Ndiyo maana mkanda uliopushiwa unakuwa na weupe mkali na vivuli vyeusi ti, chembechembe zinavimba, na katikati panakuwa pembamba.

Faida yake ni nini basi? Ni shata, yaani muda ambao kamera inafunguka. Uso ulio karibu na mshumaa, kwa f/2, unataka kama 1/15 ya sekunde ukiwa kwenye 400. Kwenye 800 ni 1/30, kwenye 1600 ni 1/60. Mimi nilianza na Zenit-E ya marehemu baba mdogo, na Zenit-E ukitoa B, ile inayobaki wazi mpaka uachie kidole, haina shata ya polepole kuliko 1/30. Kwa hiyo kwangu kupushi hakukuwa urembo. Mkanda wa 400 ulikuwa haupigiki kwa koroboi, full stop. Hata wewe mwenye 1/15 kwenye K1000 usiitegemee, kwaya zetu hazisimami kama sanamu.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana maelezo mengi utakayoyakuta yameandikwa na watu wanaopiga nyuso nyeupe. Mita inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Uso wa Mzungu unakaa kama stopu moja juu ya kijivu hicho. Uso wangu mimi, na nadhani na wako, unakaa stopu moja chini yake, kwa wengine hata moja na nusu. Yaani sisi tayari tunaishi karibu na kivuli, na kivuli ndiyo sehemu ambayo kupushi hakuiokoi.

Mkanda wangu wa kwanza wa kanisani, hapa hapa Njombe, ulikuwa mkesha wa Mwaka Mpya. Kwaya imevaa majoho meupe, karabai mbili zinaning'inia mbele. Nilikuwa nimeazima kamera ya rafiki yenye mita nzuri, nikaiamini. Nikasafisha nikiwa na furaha zote. Majoho yalitoka safi, mikunjo yote unaihesabu, na juu ya kila joho kuna tundu jeusi lenye meno. Nilimwonyesha mama mmoja wa sauti ya kwanza, akacheka hadi akakaa chini. Aliniuliza kama ni kwaya ya mizimu.

Piga hesabu uone nilivyojimaliza. Mita iliona majoho, ikayashusha kutoka weupe hadi kijivu: stopu mbili zimekwenda. Nilikuwa nimeweka 1600: mbili nyingine. Ngozi yenyewe iko moja chini. Nyuso zikaangukia stopu tano chini ya kijivu, mahali ambapo HP5 haiandiki kitu cha maana. Na karabai zikiwemo kwenye fremu, mambo yanakuwa mabaya kuliko hapo.

Dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi. K1000 inapima wastani wa fremu nzima, kwa hiyo wakati wa mazoezi msogelee mwimbaji hadi uso wake ujaze kioo, pima, kumbuka namba, rudi nyuma, piga kwa namba hiyo hiyo. Usiongeze, usipunguze, na usiitazame tena sindano hata ikirukaruka. Mita itaufanya ule uso mweusi kuwa kijivu cha kati, maana yake bila kujijua umeupa stopu moja ya ziada, na kwenye 1600 utakuwa stopu mbili tu chini badala ya tano. Hapo develapa inapata cha kushika. Majoho yatakuwa meupe mno, ndiyo. Yaache. Hakuna atakayekuuliza kuhusu mikunjo ya joho. Kama kusogea haiwezekani, pima mgongo wa mkono wako ukiwa kwenye mwanga uleule. Mgongo, siyo kiganja, viganja vyetu ni vyeupe vitakudanganya.

Mita ya K1000 gizani ni nzito kidogo, ipe sekunde chache sindano itulie. Na rudisha kifuniko cha lenzi ukimaliza, kamera hiyo haina swichi ya kuzima mita, betri inakwisha huku umeiweka mezani.

Baada ya aibu ile nilikwenda na Zenit kwenye kilabu cha ulanzi nje kidogo ya Iringa, msimu wa mvua, wazee wanne na koroboi moja juu ya meza. Mita ya seleniamu ya Zenit gizani ni pambo, haisogei. Nikapiga kwa kukisia tu, f/2 kwa 1/60, mkanda nikausafisha kama 1600. Kila mzee aliyeinama kuelekea kwenye moto alitoka vizuri, unaona hadi povu la ulanzi kwenye mdomo wa kopo. Aliyejiegemeza ukutani hayupo, limebaki jicho moja na kofia. Ile ndiyo picha yangu ninayoipenda kuliko zote. Maana yake: watu waelekee kwenye mwanga, au wewe uwasubiri waelekee.

Kusafisha. Ukiwa na develapa ya ID-11 isiyoongezwa maji, kwa joto la nyuzi 20, HP5 ya 400 ni dakika 7 na nusu, 800 ni 10 na nusu, 1600 ni 14. Ukipata Microphen, develapa nyingine, ni bora zaidi kwa kazi hii, 1600 ni dakika 11, na 3200 ni 16, ingawa 3200 kwa nyuso zetu sikushauri. Pindua tangi mara nne ndani ya sekunde 10 za kwanza za kila dakika, halafu liache. Ukilitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi unaongeza ukali ambao tayari unao wa kutosha.

Tatizo letu huku ni hizo nyuzi 20. Tukuyu siyo Njombe, lakini ukisafisha mwezi wa sita au wa saba utanielewa. Julai moja nilipasha dawa hadi 20 sawasawa, nikamimina, nikaweka tangi juu ya sakafu ya saruji, nikahesabu dakika 14. Nilipopima mwishoni dawa ilikuwa 16. Mkanda mwembamba kama moshi, yaani picha hafifu, fedha haikujengeka. Kwa muda mfupi baridi haikuumizi sana, ila kupushi ni muda mrefu, dawa inapoa ikiwa kazini, na ile haidrokwinoni, kemikali mojawapo ya develapa, karibu inalala kabisa ukishuka kwenye 13. Siku hizi tangi linakaa ndani ya beseni la maji ya nyuzi 21, na birika liko pembeni. Kipimajoto usinunue kile cha homa, kinaanzia 35. Tafuta cha jikoni.

Kusimamisha, fiksa (dawa ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga) na kuosha ni kama siku zote, hakuna jipya.

Mkanda mmoja kasi moja. Usipige picha kumi kwa 400 mchana halafu ukageuza 1600 usiku, tangi halichagui. Andika 1600 kwa kalamu kwenye kopo lake. Mkanda wa kwanza utoe sadaka: piga picha kama nane kwenye mazoezi, karabai zilezile, kisha gizani kata kipande hicho tu ukisafishe kwa dakika 14. Nyuso zikitoka hafifu kwenye mkanda, usiongeze dakika, shuka 800 na upige kwa 1/30. Hapo bonyeza pale mwalimu anaposhusha mkono na wote wanavuta pumzi, kuna nusu sekunde hawayumbi.

Nijibu jambo moja kabla hujaenda: karabai zinaning'inizwa wapi? Zikiwa juu ya vichwa vyao, macho yatazama kwenye vivuli na hakuna kasi itakayoyatoa. Mwombe mzee wa kanisa hata moja iwekwe mezani, mbele ya sauti ya kwanza.