Plaki ya CC (ya motokari ya konsulati) si ruhusa ya kugonga watu

Swali: Yaya, salamu. Mudogo wangu anaendeshaka moto-taksi. Juzi ku barabara ya Kasenga jeep ya konsulati moja ilikata kushoto bila kuonyesha taa, ikamuangusha, mguu umevunjika. Polisi ya rulaje alifika, akaona plaki, akarudisha peni mu mufuko, ati "hizi hatuzigusake". Shofere akatupa feza ya kununua dawa, akaenda. Tufanye nini? (Mama wa Ruashi)

Jibu: Mama, pole sana kwa mudogo. Ile peni kurudi mu mufuko njo inaniuma kuliko yote, juu bila PV (karatasi yenye polisi anaandika juu ya aksida) mutu maskini anabakia na maneno tu, na hapa Lubumbashi tunaonaka vile kila mara, plaki ikiwa ya rangi ingine mutu anawaza sheria imeishia pale.

Haiishii pale. Ambasade ziko Kinshasa, hapa kwetu ni konsulati, na konsuli hana kinga (ile ya kutofungwa na kutoshitakiwa) sawa na ya balozi. Ba diplomate wa ambasade bako chini ya mkataba wa Vienna wa 1961, ba konsuli bako na wao wa 1963, na ule wa 1963 kipengele cha 43 unasema wazi: kama motokari imeleta aksida na mutu mwenye aliumia anaomba alipwe hasara yake ku tribinali, kinga haimuzuie. Yaani mudogo anaweza kudai feza ya hopitali na ya siku zenye hafanyi kazi, hapahapa, bila kungoja serikali ya inchi ya ule konsuli iseme ndiyo. Kipengele cha 56 kinabalazimisha tena bawe na asiransi yenye sheria ya inchi inaomba, na kampuni ya asiransi ni biashara, haina kinga yoyote. Na shofere kama ni Mkongomani mwenzetu, kinga ya konsuli si nguo ya kumuvalisha yeye.

Chenye polisi hawezi ni kumuweka konsuli mu kasho pale barabarani, mpaka ikuwe kosa kubwa na muzuzi aamue. Lakini kusimamisha, kuuliza permi, kupima barabara, kuandika PV, hiyo yote anaweza na anapashwa kufanya.

Sasa rudini ku polisi na karatasi ya daktari, muombe PV ifunguliwe, muende na watu wawili wenye waliona, namba ya plaki, na picha kama kuko mutu alipiga. Andikeni barua kwa konsulati, kopi iende ku Wizara ya Mambo ya Inje Kinshasa, ku protokole. Mutafute avoka. Na tafazali, musisaini karatasi ya "tumepatana" mbele daktari hajasema ule mguu utapona namna gani, watu wengi wanapoteza haki yao pale, juu ya feza ya leo.

Swali: Na kama ni diplomate wa ambasade kabisa, alewe, aue mutu, njo basi? (Kijana wa Katuba)

Jibu: Si basi, lakini njia ni ndefu. Huyo hafungwe na hahukumiwe hapa, mpaka inchi yake ikubali kumuondolea kinga. Mu 1997 kule Washington diplomate wa Georgia aliua binti wa miaka 16 akiwa amelewa, inchi yake ikaondoa kinga, akahukumiwa miaka 7 mpaka 21 mu Marekani. Mu 2001 Ottawa, Mrusi aliua mama mmoja, Canada ikaomba, Urusi ikakataa, lakini ikamuhukumu kwao Moscow, miaka 4. Unaona, hata wakikataa, inchi yake ingali na uwezo wa kumuhukumu, na serikali ya hapa inaweza kumufukuza.

Swali: Kaka yangu anaenda kufanya kazi ku ambasade yetu Lusaka. Atalipaka amande za barabara? (B., Kampemba)

Jibu: Alipe. Kipengele cha 41 cha ule mkataba wa 1961 kinasema kila mwenye kinga anapashwa kuheshimu sheria za inchi yenye imemupokea. New York ba diplomate walizoea kuacha motokari popote bila kulipa, mpaka mu 2002 muji ulianza kuwanyanganya plaki, na kwa wakati mufupi makosa yakashuka karibu yote.

Kwa Lusaka kuko kitu kingine kikubwa kuliko amande: ukivuka tu Kasumbalesa, Zambia wanaendesha kushoto. Akiwa na motokari ya hapa, usukani unabakia upande wa kushoto, kwa hiyo akitaka kupita lori hataona mbele vizuri, na malori ya shaba njo yenye yanajaa ile barabara. Siku za kwanza asiendeshe usiku, na ku ronpwe akumbuke: kule watu wanazunguka na upande wa kushoto.