Usiisaini Barua Ile, Mwanangu

Mwanangu Idrisa,

Unaniuliza kama uyafute madai yako ya fidia ili bosi akurudishe kwenye zamu, au uisaini barua ya kuacha kazi aliyokuandalia, maana tangu mashine ikubane vidole viwili na ukapeleka madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, umegeuzwa mfagiaji wa ua. Jibu langu ni hapana kwa yote mawili.

Fidia si sadaka ya bosi. Hapa Tanzania, kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, mwajiri ndiye anayeuchangia Mfuko, wewe hukatwi hata senti, na aliyeumia kazini halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Kwa kuwa anayelipa ni Mfuko, hasira zake zinanishangaza. Nashuku michango yake ina kasoro, ila hilo tuwaachie wakaguzi.

Sasa itazame tena ile barua ya onyo uliyoipiga picha ukanitumia. Madai uliyapeleka tarehe 3 Machi, nayo imeandikwa tarehe 6, ikilalamikia kuchelewa kwako kwa mwezi wa Januari. Februari nzima walinyamaza, kuchelewa kukawakera siku tatu baada ya wewe kudai! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba kutumia haki uliyopewa na sheria si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi, na shauri likifunguliwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Ukisaini kwamba umeacha kwa hiari yako, mzigo huo unaubeba wewe, kwa sababu utatakiwa kuonyesha kwamba ulisukumwa. Akikufukuza mwenyewe, hesabu siku 30 tu za kufungua mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usizimalize ukimbembeleza meneja.

Mimi mwaka 1994 nilipokatwa kidole kiwandani niliambiwa ninyamaze nilinde kibarua changu. Nilinyamaza, na miezi minne baadaye nikapunguzwa, nikiwa sina hata karatasi moja inayoonyesha kwamba niliwahi kuumia. Mama yako hakunisema, ila kile kidole alikuwa akikitazama kila tulipokaa kula.

Kwa hiyo kaendelee kuripoti kazini kila asubuhi, hata kama ni kwa ufagio, na uandike kwenye daftari tarehe na maneno unayoambiwa. Nakala ya fomu ya madai, vyeti vya hospitali na barua ya onyo viweke kwenye bahasha moja, tena nyumbani, si kwenye kabati la kiwandani. Nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, na hiyo barua ya kuacha kazi nataka niikute haina saini yako.

Baba yako