Kwa nini picha za anga za zamani zinarudiana?

SWALI: Nasomea upimaji ardhi hapa Masaka. Nimepewa picha za anga za zamani, nyeusi na nyeupe, na kila moja inarudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Huo si upotevu wa filamu? Na ni kweli wanajeshi walipima urefu wa vitu kwa picha zilizopigwa kutoka juu kabisa?

JIBU: Ni kweli, ndugu, na jibu la yote mawili ni moja. Picha hurudiana kwa asilimia 60 hivi kwa makusudi, ili kila kitu kionwe kutoka sehemu mbili angani. Ukiziweka mbili chini ya stereoskopu, kifaa cha kutazamia picha mbili kwa pamoja, kila jicho na yake, ardhi inainuka.

Zamani upelelezi wa anga ulikuwa wa macho matupu. Wafaransa walipandisha puto huko Fleurus mwaka 1794. Kamera zilishika kasi katika Vita Kuu ya Kwanza. Machi 1915 Waingereza walishambulia Neuve Chapelle wakiwa na ramani ya mahandaki iliyochorwa kutokana na picha za ndege. Vita ya Pili ilipofika, ndege zilileta picha nyingi mno, na kazi ngumu ya kuzisoma ikahamia mezani, kwenye kituo cha Medmenham, Uingereza. Ni hapo mwaka 1943 mchambuzi wa picha Constance Babington Smith alipolitambua bomu la kuruka V-1 katika picha ya Peenemünde, kituo cha Wajerumani cha kujaribia silaha. Mabawa yake hayakuzidi mita 5 na kitu. Kwenye picha kilikuwa kijialama tu.

Sasa hesabu. Tuseme picha zako ni za sentimita 23 kwa 23 na ndege ilikuwa mita 4,500 juu ya ardhi. Zikirudiana kwa asilimia 60, umbali kati ya vituo viwili vya kupigia, ukiupima kwenye picha, ni milimita 92. Kilele kikihama milimita 1 zaidi ya tako la kilima kati ya picha hizo mbili, zidisha 4,500 kwa 1, gawanya kwa 93 (92 na ile 1): kilima kina urefu wa mita 48.

Wengi hukwama kwenye ule urefu wa ndege. Ulioandikwa ukingoni mwa picha mara nyingi ni kutoka usawa wa bahari, tena kwa futi. Masaka iko kama mita 1,300 juu ya bahari, kwa hiyo ndege iliyosoma mita 5,800 ilikuwa 4,500 tu juu yenu. Usipotoa hizo 1,300, kilima chako kinaongezewa mita 14 za bure.

Halafu angalia mpangilio. Ukibadilisha picha ya kushoto na ya kulia, mabonde yanageuka vilima. Vivuli navyo vielekee kwako, lakini usivitumie kutafuta kaskazini: hapo mlipo karibu na Ikweta, kivuli cha saa sita mchana huangukia kaskazini mwezi Desemba, na Juni kikahamia kusini. Tazama kwanza tarehe ya picha.