ULIZA MICHEZO: Beki gani huyu anayefunga? Na nani mkali wa wakati wote pale USC

SWALI: Kaka mhariri mambo vipi. Mdogo wangu anasoma California, likizo iliyopita kaniletea jezi nyekundu ya chuo cha USC, namba 33, akasema ni ya Marcus Allen, bonge la telbeki. Sasa kijiweni tumebishana mpaka basi manake kwetu sisi beki ni mtu wa kuzuia, hawa mabeki wa Wamarekani mbona ndo wanaofunga? Halafu anadai pale chuoni matelbeki wakali wamepita wengi mno. Nani alikuwa kiboko yao wote? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Poa sana ndugu yangu, na jezi hiyo itunze. Tuanze na hilo la beki, linachanganya wengi. Kwenye futiboli ya Kimarekani beki ni mtu anayesimama nyuma ya ule ukuta wa majitu ya mbele, basi, awe anashambulia au anazuia. Kocha John McKay, aliyeichukua USC mwaka 1960, alikuwa anawapanga watu watatu kwenda nyuma kama herufi I: kwotabeki, nyuma yake fulbeki, na mkiani kabisa telbeki. Mpira unatoka kwa kwotabeki unaenda kwa telbeki, na yeye kwa vile amesimama mbali anauona uwanja wote kabla hajafika kwenye msongamano, anachagua pa kupenya. Fulbeki anatangulia mbele yake na kumgonga wa kwanza anayekuja. Huyo fulbeki mshike vizuri kichwani, ntamrudia.

Mdogo wako hajakudanganya. Tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, matelbeki watano wa USC wameibeba: Mike Garrett 1965, O.J. Simpson 1968, Charles White 1979, Marcus Allen 1981 na Reggie Bush 2005. Na hapo hujamtaja Anthony Davis aliyewafunga chuo cha Notre Dame tachidauni sita (kuingia na mpira mpaka eneo la mwisho la wapinzani) kwenye mechi moja mwaka 1972, halafu miaka miwili baadaye USC walikuwa nyuma 24-0 dhidi ya Notre Dame haohao, wakaenda mapumziko 24-6, kipindi cha pili kinaanza tu akadaka mpira wa kuanzia akakimbia nao uwanja mzima mpaka ndani, mechi ikaisha 55-24. Heisman hakupata!

Garrett alikuwa mtoto wa Los Angeles hapohapo, ndo aliyefungua njia. Simpson najua atawagawa watu kijiweni. Mwaka 1995 mahakama ilimwachia huru kwenye kesi ya mauaji ya mtalaka wake na rafiki wa mtalaka huyo, Ron Goldman, 1997 mahakama ya madai ikamkuta anawajibika kwa vifo hivyo, na hayo siwezi kuyafunika kwa mbio. Uwanjani lakini alikuwa hatari, ule mkimbio wake wa yadi 64 dhidi ya chuo jirani cha UCLA mwaka 1967, anaanzia kushoto kisha anakata kurudi katikati, ndo uliowapa ushindi wa 21-20, na mwaka huo wakawa mabingwa wa taifa.

Ila kuna mmoja naumia kila nikimkumbuka, Ricky Bell. Huyu alikuja chuoni kama mzuiaji, wakamgeuza fulbeki, mwaka 1974 akawa anamfungulia njia Anthony Davis, watu wanamshangilia Davis yeye anaokota maumivu. Zamu yake ilipofika akaongoza nchi nzima kwa yadi za kukimbia na mpira mwaka 1975, na 1976 dhidi ya Washington State akabeba mpira mara 51 kwenye mechi moja, mara 51 ndugu yangu, kila mara unagongwa na watu wawili watatu, akapata yadi 347. Alifariki 1984 kwa ugonjwa, ana miaka 29 tu. Jina lake litajwe pamoja na wale wa Heisman.

Sasa kiboko yao. Mimi namchagua huyohuyo wa jezi yako, na ushahidi wangu unaanzia kwenye mechi ambayo hakuwa telbeki. Januari 1, 1980, Rose Bowl, moja ya mechi maalum za mwisho wa msimu ziitwazo bowl, USC na chuo cha Ohio State ambao msimu mzima hawajafungwa. Dakika za mwisho USC wako nyuma 16-10 na wana yadi 83 mbele yao. Karibu kila mtu uwanjani anajua mpira anapewa nani, anapewa Charles White, na bado hawakuweza kumzuia, majaribio manane tu ya kusonga mbele, sita kati ya hayo ni White anakimbia, yadi 71 peke yake, mwisho akaruka juu ya rundo la watu akaingia, pointi sita, na teke la nyongeza likaongeza moja. 17-16. Siku hiyo alipata yadi 247. Na fulbeki aliyekuwa anamtangulia White msimu ule ni nani? Marcus Allen.

Allen alisajiliwa kama beki, beki kweli wa kuzuia kama hao wenu wa kijiweni, halafu akakubali kuwa mtu wa kugonga ili mwenzake apite. Miaka miwili baadaye, 1981, akiwa telbeki, akawa wa kwanza katika historia ya vyuo kupita yadi 2,000 kwa msimu, akafika 2,342 bila kuhesabu mechi ya bowl. White ana yadi nyingi zaidi ukijumlisha miaka yake yote, nakubali, ila Allen kaifanya kazi ya mbele ya telbeki na ya telbeki mwenyewe, na zote kazifanya kwa moyo mmoja. Nampa yeye.

SWALI: Mbona mnamsahau Reggie Bush? Au kwa sababu alinyang'anywa tuzo? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hapana, hatujamsahau. Tuzo aliirudisha 2010 baada ya kuonekana yeye na familia yake walipokea vitu ambavyo sheria za michezo ya vyuo zilikataza, na mwaka 2024 akarudishiwa, na mimi nilifurahi kwelikweli manake siku hizi wachezaji wa vyuo wanalipwa waziwazi. Namweka chini ya Allen kwa sababu moja tu, yeye mzigo aligawana na mkimbiaji mwenzake LenDale White, hakubeba timu peke yake mara 30 au 40 kwa mechi kama kina Bell.

Lakini kama unataka mkimbio mmoja wa kuangalia leo usiku, tafuta mechi ya Fresno State, Novemba 2005. Bush anashuka kando ya mstari wa kushoto, mabeki wanamkaribia, anasimama ghafla, anasimama kabisa, anauhamisha mpira mkono mmoja kwenda mwingine kwa nyuma ya mgongo, wale wanapitiliza, yeye anakatiza uwanja kwenda upande wa pili na kufunga. Yadi 50 hizo.