Muulize Dada: Nataka kuandika hadithi za mashabiki, naanzia wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kitu kimoja, fanfiksheni, yaani zile hadithi shabiki anaandika kwa kutumia wahusika wa tamthilia au kitabu cha mtu mwingine. Nimefurahi jamani, maana mi mwenyewe nilianzia huko, kaunta buku langu la kwanza bado ninalo. Nimejibu barua nne.

Shikamoo dada. Nina miaka 19, nipo Tanga. Kuna tamthilia ya Kikorea nimeiangalia mpaka mwisho na ule mwisho umeniuma, siku mbili sikula vizuri. Nimeamua niiandike upya mwenyewe, nimepanga chapta 60, nimeandika 2 nimekwama. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Hizo chapta 60 ziweke kwanza kabatini. Hujakwama kwasababu huna kipaji, umekwama kwasababu umejitwisha kazi ya watu wengi, ile tamthilia ina waandishi, ina waigizaji, ina muziki unaokuliza kabla mtu hajasema neno, halafu we upo peke yako na simu unataka uibebe yote.

Anza na pengo. Kila hadithi ina sehemu mtunzi alifunga mlango akatuacha nje, na hapo ndo pa shabiki. Ngoja nikuonyeshe kwa Fumo Liongo maana yule hana mwenyewe, ni wetu sote. Yupo kifungoni Pate, mamake anamtuma kijakazi Saada apeleke chakula, walinzi wanakula kile kizuri. Siku hiyo mama anaoka mkate wa wishwa, ndani kaficha tupa, walinzi wanaudharau wanamwachia mfungwa, na usiku wakati ngoma inalia yeye anakata minyororo. Masimulizi yanaishia hapo yanakimbilia mbele kwenye sindano ya shaba iliyomuua. Sawa, na Saada je? Alijua kabeba nini? Angekamatwa ingekuwaje? Basi unakaa hapo hapo unaandika:

*Saada aliubeba mkate kichwani ungali moto. Ulikuwa na uzito usio wa mkate. Mlangoni mlinzi alinyoosha mkono, akamega pembeni, akatafuna, akatema. "Wishwa hii. Mpelekee mwenyewe." Saada akaitika kwa sauti ndogo, na ndipo akakumbuka kuvuta pumzi.*

Mistari michache tu, na sijabadilisha chochote kwenye hadithi ya wazee, Liongo bado atatoroka na bado mwanawe atakuja kumuua. Ila msomaji aliyeisikia tangu mtoto sasa anamwona mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Na we fanya hivohivo na Wakorea wako. Usianze na kubadilisha mwisho, chukua usiku mmoja kabla ya ule mwisho uliokuuma, watu wawili, chumba kimoja, maneno 800 au 1,000 basi. Umalize. Kumaliza ndo kitu cha kwanza kujifunza, maana mtu mwenye vipande vitano vilivyokamilika anajua mengi kuliko mwenye chapta 2 za 60. Na kabla hujaandika irudie hiyo episodi ukiwa na kalamu, andika huyo kaka akikasirika anafanya nini, ananyamaza au anafoka, anamwitaje mamake, mikono anaiweka wapi. Wasomaji wako ni mashabiki kama wewe, ukimfokesha mtu ambaye hafokagi watajua sentensi ya kwanza.

Habari dadangu, niko Mombasa. Mimi tatizo langu ni mazungumzo, nikiandika kwa Kiswahili wahusika wanasikika kama yale maandishi ya chini ya skrini. Au niandike Kiingereza tu?

Usihame dadangu, tafadhali. Tatizo umelitaja mwenyewe, unawasikia kupitia maandishi ya Kiingereza halafu unayageuza neno kwa neno. Ndo unakuta mtu kwenye hadithi anasema "Nini kibaya na wewe?" wakati hakuna mama wa Mombasa hata mmoja anayesema hivo, atasema "Una nini wewe?" au "Kwani umeingiwa na nini?" Funga macho, mpe maneno hayo jirani yako mwenye hasira, akiyasema vizuri yaandike, akishindwa yafute.

Na kuna kitu kinanifurahisha sana hapa. Wakorea hawaitani majina ovyo, msichana anamwita mkubwa wake wa kiume oppa, wa kike unnie, hata kama hawakuzaliwa tumbo moja, na yale maandishi ya Kiingereza mara nyingi yanaweka jina tu, ile heshima inapotea yote. Sisi tunayo! Kaka, dada, mama fulani, mzee. Yaani kwa hilo Kiswahili kinamfikia yule mhusika karibu kuliko Kiingereza, na siku msichana akiacha kusema "kaka" akaanza kumwita jina lake, msomaji wako wa Likoni atajua kuna kitu kimebadilika bila wewe kueleza. Wale jamaa wanaotafsiri muvi kwenye vibanda umiza wanalijua hilo miaka yote, ndo maana watu wanajaa.

Dada, nilimweka msichana mpya kwenye hadithi, mzuri, mjanja, anajua karate na kila mtu anampenda. Watu wakanicheka kwenye grupu, wakasema huyo ni mimi. Nimefuta yote. (Msomaji, Dodoma)

Pole sana mdogo wangu, najua inavyouma. Usione aibu, kosa hilo ni la zamani kiasi kwamba lina jina. Mwaka 1973 shabiki mmoja wa Star Trek, tamthilia ya safari za anga za juu, huko Marekani, Paula Smith, aliandika kihadithi kifupi kuhusu Luteni Mary Sue, afisa wa miaka kumi na tano na nusu anayeweza kila kitu, na tangu hapo mhusika wa aina hiyo anaitwa Mary Sue.

Ila mi siungani na wanaokucheka. Kujiweka kwenye hadithi unayoipenda si kosa. Kasoro ni kwamba msichana wako hahitaji kitu. Mpe kitu anachokitaka na hakipati, mpe mtu mmoja ambaye hampendi na ana sababu nzuri ya kutompenda. Karate muachie. Na usifute tena kazi yako, ifiche tu, kuna sentensi humo utakuja kuzihitaji.

Niaje dada, niko Nairobi. Nimeandika stori ya mashabiki, watu mia na kitu wanaisoma WhatsApp na wananiambia niuze chapta kwa M-Pesa. Naruhusiwa? Na naweza kuandika kuhusu msanii wa kweli?

Hongera kwanza, kupata watu mia wanaokungoja si mchezo. Ila kuuza hapana kaka. Wale wahusika wana mwenyewe, na mashabiki wameachwa kwa amani miaka mingi kwa sehemu kubwa kwasababu wanaandika bure. Ule mtandao wa Archive of Our Own, ulioanzishwa na mashabiki wenyewe na kufunguliwa 2009, hauruhusu hata kuweka linki ya kuchangiwa hela, na bado mwaka 2019 ulipata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi. Kujiunga unaomba mwaliko unasubiri kidogo, na kwenye lugha za kuchagua Kiswahili kipo, nenda kaongeze hadithi. Mtandao mwingine, Wattpad, ni rahisi zaidi kuanza na simu.

Ukitaka hela tumia wahusika ambao haki zao zimeisha. Sherlock Holmes kwa mfano, mtunzi wake Arthur Conan Doyle alifariki 1930, na hata Marekani vitabu vya mwisho vya Holmes vilikuwa huru kuanzia Januari 1, 2023. Mpeleke Lamu akachunguze jahazi lililopotea, hakuna wa kukudai. Au badilisha majina, sura na ulimwengu wote mpaka iwe yako kweli, kazi hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Msanii wa kweli mi nakushauri uache. Yule ni mtu, ana mama, ana watoto watakaokuja kusoma, na kipande kimoja cha hadithi kikikatwa kikasambazwa bila jina la hadithi watu wanakichukua kama habari, hapo umemzushia mtu jambo. Chukua tabia moja iliyokuvutia kwake umpe mtu wa kubuni.

Halafu wale mia wako, najua wengi wanaandika "next" tu halafu kimya. Chagua wawili watatu unaowaamini, waulize swali dogo: ni wapi uliruka mistari? Wakikuonyesha hapo, ndo pa kuanza kurekebisha, kabla ya chapta inayofuata.